Gift: zawadi, sumu au ndoa?

Ndugu, umeuliza kwa nini ile chupa uliyoiona Ujerumani ilikuwa na picha ya fuvu na neno "Gift", ilhali kwa Kiingereza gift ni zawadi. Usiiguse kabisa, kwa Kijerumani Gift ni sumu! Lakini haya si maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Ni neno moja, lenye mzizi wa kale wa kutoa au kupa, uleule uliozaa give ya Waingereza na geben ya Wajerumani.

Zamani hata Wajerumani walilitumia kwa kitu kilichotolewa. Maana hiyo imebaki kwenye Mitgift, mali anayopewa bibi harusi kwao aende nayo kwa mume. Sumu ilipitia kwa matabibu: Wagiriki waliita kipimo cha dawa dosis, yaani "utoaji"; neno likaingia Kilatini, na Wajerumani wakalifasiri kwa neno lao wenyewe. Kinachotolewa kikawa dawa, halafu dawa ya kuua. Mbona na sisi dawa ya panya ni sumu? Na dozi yetu ya hospitalini asili yake ni dosis hiyohiyo.

Mimi kinachonivutia zaidi ni Kiswidi. Huko gift ni sumu, na pia ni mtu aliye kwenye ndoa, kwa kuwa binti "alitolewa" kwa mume. Kidenmaki na Kinorwe vivyo hivyo. Waholanzi siku hizi wametenganisha: gift zawadi, gif sumu.