Mwalimu wa yoga ameniambia chakra yangu ya kooni imeziba

SWALI: Assalaam alaykum Shehe. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kinondoni, kazi yangu ni uhasibu, ofisi yetu iko Posta. Mama yangu alifariki mwaka jana, na tangu hapo usingizi ukanipotea, shingo na kiuno vikakaza. Rafiki yangu wa kazini, Muislamu mwenzangu, akanipeleka kwenye darasa la yoga Msasani. Jumatano tunafanyia ndani, Jumamosi tunakwenda Coco Beach jua linapochomoza, tunafanya mazoezi yanayoitwa salamu kwa jua. Kwa kweli nimepata nafuu, nalala. Lakini mwalimu ameniambia mwilini mna vituo saba vya nguvu viitwavyo chakra, na changu cha kooni kimeziba kwa kuwa nimemeza maneno na machozi. Amenipa neno la kutamka nikiwa nimefumba macho, "ham", na jiwe la buluu la kuvaa shingoni, nimelinunua kwake. Nilipomuuliza kuhusu dini alisema hii siyo dini, ni elimu ya nguvu tu, na hata masufi wanayo. Mume wangu alipoliona jiwe akasema nimeingia kwenye shirki, swala zangu hazina maana na ndoa yetu ina shaka. Shehe, nimefanya kosa gani? Na mazoezi niyaache?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na amkunjulie kaburi lake.

Nianze na la ndoa, maana nahisi ndilo linalokuuma kuliko yote. Ndoa yako ipo na swala zako zipo. Mtu aliyefanya jambo asilolijua maana yake, kisha akaja kuuliza mara tu alipoingiwa na shaka, hatolewi katika dini. Mtume, rehma na amani zimshukie, ametuonya kwamba mtu akimwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Wameipokea Bukhari na Muslim. Mumeo amepandwa na wivu wa dini, na wivu huo inshaallah una ujira wake, lakini hukumu nzito kama hiyo haikatwi sebuleni kwa hasira ya usiku mmoja. Mwambie nimemsalimu, na jibu hili mlisome pamoja.

Awf bin Malik al-Ashjai anasimulia kwamba zama za ujahiliya walikuwa na mazinguo yao ya kutibia, wakamuuliza Mtume anayaonaje. Akawaambia: "Nionyesheni mazinguo yenu. Zinguo halina ubaya maadamu halina shirki." Hadithi hii imo katika Muslim. Hakuyakataa yote kwa kuwa yametoka ujahiliyani, wala hakuwaambia fanyeni tu maadamu mnapona. Alisema nionyesheni. Kwa hiyo na mimi nimeyatazama uliyoniletea, na nayaona hayafanani hata kidogo, ingawa umepewa yote kwenye kapu moja.

Kunyoosha viungo hakuna tatizo. Mimi mwenyewe niliwahi kuumwa kiuno mpaka kurukuu kukawa shida. Hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinilaza chali kwenye mkeka, akaniambia nivute magoti kifuani, nivute pumzi nikihesabu hadi nne, niitoe nikihesabu hadi sita. Nilipowasimulia wenzangu msikitini, kijana mmoja akasema, "Shehe, hiyo hata watu wa yoga wanaifanya." Inawezekana, na hainidhuru. Mtume alimwambia Abdallah bin Amr, "mwili wako una haki juu yako," na kumpa mwili haki yake ni ibada ukinuia hivyo. Pumzi nayo ni hivyo hivyo: ukiitoa polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi na misuli hulegea. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili hivyo, wa muumini na wa asiyeamini. Basi nafuu uliyoipata ni ya kweli, usiikane. Ila shukrani yake mpe mwenye mwili.

Lililonishtua ni la Jumamosi. Mazoezi hayo kwa Kisanskriti huitwa surya namaskar. Surya ni jua, na kwa Wahindu ni mungu. Mikao yake ya kawaida ni 12, na wanaoyafanya kwa utaratibu wake wa ibada hutaja katika kila mkao jina mojawapo la Surya. Sasa jitazame. Umeswali alfajiri nyumbani Kinondoni ukielekea kaskazini, kwa kuwa Makka kutoka Dar es Salaam iko karibu kaskazini kamili. Saa kumi na mbili na nusu umesimama mchangani, umegeukia mashariki, jua linapanda kutoka baharini, viganja vimekutana kifuani, unaliinamia. Amr bin Abasa alipomuuliza Mtume kuhusu swala, aliambiwa aswali alfajiri, kisha aache kuswali mpaka jua lichomoze na kunyanyuka, kwa sababu linachomoza baina ya pembe mbili za shetani na wakati huo makafiri hulisujudia. Imo pia katika Muslim. Hata sunna inayoswaliwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tumezuiwa dakika zile, tusije tukafanana na waabudu jua! Najua nia yako ilikuwa kiuno, wala sikuhukumu kwa lililo moyoni mwako. Lakini hilo liache, hata usipotamka jina lolote. Ukipenda ufuko, nenda jua likishapanda, fanya mazoezi mengine, hewa ya bahari ni ile ile.

Tuje kwenye chakra. Neno lenyewe maana yake ni gurudumu. Si jambo geni kwa wanazuoni wetu. Karibu miaka elfu moja iliyopita al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akaifasiri kwa Kiarabu elimu ya yoga ya Patanjali, na aliieleza kama ilivyo, kwamba ni njia ya watu ya kutafuta wokovu wa roho. Hiyo ni dini, binti yangu, siyo gimnastiki. Mpangilio unaofundishwa sana leo umetokana na maandishi ya Purnananda wa Bengal ya mwaka 1577, ambayo Mwingereza John Woodroffe aliyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo kila kituo ni ua la yungiyungi lenye petali zake, herufi yake na miungu yake. La kooni lina petali 16, herufi yake ni hiyo hiyo "ham" uliyopewa, na anayekaa humo ni Sadashiva, sura mojawapo ya Shiva. Kwa hiyo uliyeambiwa utamke "ham" ukilikazia mawazo koo, ulikuwa unafundishwa kisomo cha watu kwa mungu wao, bila kuambiwa. Na hata jiwe: maandishi yale yanalitaja ua la kooni kuwa la zambarau ya moshi. Mpango wa kukipa kila kituo rangi yake ya upinde wa mvua, buluu ikaangukia koo, umeenea kutoka Ulaya na Marekani katika karne ya 20. Hata idadi haikubaliwi na wote. Wapo waliohesabu vinne, wapo vitano, wapo sita na kimoja juu yake. Kitu kilichomo mwilini hakihesabiwi hivyo. Figo ni mbili Upanga na ni mbili Bengal.

Nisieleweke vibaya kuhusu majirani zetu Wahindu. Tumeishi nao Kisutu na Upanga tangu enzi za babu zetu, na Qur'ani imetukataza kuwatukana wale wanaowaabudu, sura ya sita, aya ya 108. Wao wanajua kuwa haya ni ibada na wanayaendea kwa unyenyekevu. Anayewavunjia heshima wao, na kukudanganya wewe, ni yule aliyechukua ibada yao, akaifuta jina, akaiuza kama elimu ya nguvu.

Maneno yake nayo tunayafahamu kwa jina jingine. Pita Kariakoo, pita Mbagala, soma vibao kwenye nguzo za umeme: mganga anasafisha nyota, anafungua nyota iliyofungwa. Ungeambiwa na mganga wa kwenye kibao kwamba nyota yako imefungwa na dawa ni hirizi anayoiuza yeye, ungeondoka hata hujaaga. Umeambiwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi kwamba chakra imeziba na dawa ni jiwe analoliuza yeye. Kituo hakionekani, ugonjwa wake anaujua yeye, na dawa anayo yeye. Mimi tofauti siioni. Mtume amesema aliyetundika hirizi amefanya shirki, ameipokea Ahmad kutoka kwa Uqba bin Amir, na jiwe lililofungwa shingoni ili lifungue na kuponya linaingia humo humo. Wanazuoni wamefafanua: anayeamini kitu kile kinaponya chenyewe, hiyo ni shirki kubwa, anayekichukua kama sababu tu, hali Mwenyezi Mungu hakukifanya kuwa sababu, hiyo ni shirki ndogo. Ndogo ni jina lake tu, bado ni nzito kuliko madhambi mengine. Leta toba. Ulikuwa hujui, na mlango wa toba u wazi.

Kuhusu masufi, ni kweli wapo watu wa tarika, hasa Naqshbandia, wanaozungumzia latifa, sehemu za kifuani zinazotajwa wakati wa dhikri. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu hilo na sitaki kukuingiza humo. Lakini anayeifuata njia hiyo anamtaja Allah, hamtaji Sadashiva. Jambo haliwi moja kwa kuwa yote mawili yamegusa kifua.

Utasikia pia fatwa mbalimbali. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga mwezi Novemba 2008, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Abdullah Badawi akasema mazoezi ya mwili bila visomo hayana ubaya. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza yenye visomo na ibada za Kihindu, likaacha mazoezi matupu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliikubali kama mchezo. Ukizisoma kwa haraka utadhani zinapingana. Mimi naona zinauliza swali lile lile la nionyesheni.

Nimebakiwa na jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Mwalimu wako alikosea dawa, lakini kuna kitu alikiona: umemeza machozi. Mama amefariki, umepokea wageni, umesimamia matanga, umegawa pilau, siku ya tatu watu wametawanyika, wiki iliyofuata umerudi Posta kwenye vitabu vya hesabu. Umelia lini? Wengi wetu tumefundishwa kuwa subira ni kukaza uso. Mtume alimbeba mwanawe Ibrahim akiwa anakata roho, machozi yakamtoka mbele za watu, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nabii Yaqub alisema huzuni yake na majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu, na tayari macho yalikuwa yameshakuwa meupe kwa huzuni. Huyo ni Nabii, na koo lake halikuhitaji jiwe. Mtafute dada yako, au shangazi, au rafiki yule yule wa kazini, kaeni siku moja mmzungumze mama, chakula alichopenda kupika, maneno aliyopenda kusema. Ulie. Na usingizi ukikupotea tena, nenda hospitali uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Huzuni ikizidi ni maradhi, na Mtume ametuamrisha tutafute dawa.

Na utulivu uliokwenda kuutafuta Msasani, jaribu hili usiku wa leo. Ummu Salama alipoulizwa kisomo cha Mtume, alieleza kuwa alikuwa akikata aya kwa aya. Fatiha ina aya saba. Soma moja, nyamaza, toa pumzi yote, ndipo uingie ya pili. Katika hadithi kudsi iliyomo Muslim, mja akisema Alhamdulillahi Rabbil-alamin, Mwenyezi Mungu husema: mja wangu amenihimidi. Kile kimya baina ya aya mbili ndipo unapojibiwa. Sisi tunakipita mbio kama dereva wa daladala anayewahi Mwenge. Ukirukuu, usinyanyuke mpaka mgongo umetulia. Ukisujudu, usinyanyuke mpaka paji la uso limepazoea mahali pake. Mtu aliyeswali haraka mbele ya Mtume aliambiwa mara tatu, rudi ukaswali, kwani hukuswali. Zifanye hivyo rakaa mbili tu kabla ya kulala, kwa wiki mbili, kisha uniandikie.

Darasani unaweza kurudi iwapo mwalimu atakubali kukufundisha kunyoosha viungo na kupumua peke yake, bila neno, bila salamu kwa jua, bila chakra. Akikataa, watu wa mazoezi wako wengi mjini hapa, tafuta mwingine. Rafiki yako naye mweleze kwa upole, alikupeleka kwa kukuonea huruma. Wallahu aalam.

Jiwe lenyewe lisikutishe, wala usilitupe kwa kuliogopa, kwani hofu hiyo nayo ni kulipa nguvu lisiyokuwa nayo. Kata uzi, uutupe. Jiwe wape watoto walichezee.