Ushauri kwa Anayetaka Kuwa Mtafiti wa Mimea

Wanafunzi wanaonijia kuomba ushauri huanza karibu wote na habari za vyuo na ufadhili, nami huwarudisha kwenye swali ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: mmea unaotaka kuufanyia utafiti huchukua muda gani kutoka mbegu hadi mbegu? Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya kabichi lililokuwa mmea wa kwanza kusomwa jenomu yake, yaani maelezo yake yote ya urithi, mwaka 2000, hukamilisha kizazi kwa takribani wiki sita, ilhali mti wa matunda uliooteshwa kwa mbegu waweza kukaa miaka mingi bila kuchanua. Shahada ya uzamivu haitausubiri mti huo. Anayependa miti na achague swali linaloweza kujibiwa kwa majani, mizizi au miche, si kwa matunda.

Muda huo, hata hivyo, huweza kufupishwa na mwenye ubunifu. Norman Borlaug, mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, alipokuwa akizalisha aina mpya za ngano nchini Meksiko katika miaka ya 1940, alipanda misimu miwili kwa mwaka katika maeneo mawili yenye hali tofauti za hewa, ingawa wataalamu wa wakati huo walishikilia kwamba mbegu sharti ipumzike kwanza baada ya kuvunwa. Zaidi ya kuokoa muda, alipata ngano isiyojali sana urefu wa mchana, na kwa hiyo ikastawi katika nchi nyingi.

Takwimu nazo zisomwe kabla ya kupanda, wala si baada ya kuvuna kama ilivyo desturi mbaya ya wengi. Shamba halina rutuba sawa kila mahali. Ukipanda aina moja yote upande wa bondeni na nyingine upande wa mwinuko, utakuwa umepima udongo ukidhani umepima mbegu, na hakuna programu ya kompyuta itakayokuokoa. Marudio ya kutosha, yaani kupanda kila aina katika vipande vingi vya shamba, na upangaji wa vipande hivyo kwa bahati nasibu ndiyo kinga.

Kuhusu ajira, usitazame vyuo vikuu pekee: benki za mbegu, karantini za mimea na kampuni za uzalishaji wa mbegu huajiri pia. Na unapozungumza na msimamizi mtarajiwa, muulize ni nani humwagilia mimea ya maabara wakati wa sikukuu.