Orodha ya MAC sio kufuli, acheni kuuziwa

SWALI: Naangalia kompyuta na mtandao kwenye ofisi ya watu kama 40. Waifai ni moja, ulinzi wake ni WPA2 (ile ya kawaida ya paswedi), paswedi moja kwa wote. Simu za wafanyakazi zilivyozidi nikaanza kuzizuia moja moja kwa MAC, ile namba ya utambulisho ya kila kifaa kwenye mtandao, baada ya siku chache zikarudi. Nikageuza, nikaweka orodha ya zinazoruhusiwa tu, sasa simu ya mkuu wa fedha inakataliwa na ipo kwenye orodha, nimehakiki mara tatu. Fundi mmoja kanishauri nifiche jina la waifai halafu ninunue kwake programu ya kufukuza simu za watu. Nimsikilize?

JIBU: Usimpe hata senti. Swali hili linanijia kila mara, anabadilika muulizaji tu, na karibu kila mara kuna mtu kauziwa orodha ya MAC akaambiwa huo ndo ulinzi.

Fungua hiyo orodha yako, angalia kila adresi, alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E basi hiyo adresi haikutoka kiwandani, simu imejitungia yenyewe. Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 ndo zilianza kufanya hivi bila mwenye simu kuomba, kila waifai inaonyeshwa adresi tofauti ili watu wasifuatiliwe kila wanakopita, na mimi naona ni jambo zuri kabisa. Ila kwako maana yake ni kwamba mtu akigusa kile kiswichi cha adresi ya kujitungia kwenye setingi za waifai, adresi inabadilika palepale. Ukiwa umezuia, anarudi na adresi nyingine. Ukiwa umeruhusu, anakuwa mgeni kama mkuu wako wa fedha, ambaye hajakosea chochote.

Na hata simu zote zingekuwa na adresi za kudumu bado usingekuwa umefunga kitu. Adresi ya MAC inasafiri hewani waziwazi, WPA2 inaficha yaliyomo kwenye mawasiliano, haifichi adresi ya anayetuma. Mtu mwenye laptopu akikaa karibu na ofisi yenu dakika chache anaziona zote, anachagua moja iliyoruhusiwa, anaivaa. Kuficha jina la waifai ndo bure zaidi, jina linatajwa hewani kila kifaa kinapojiunga, halafu mbaya zaidi simu zenu zikitoka nje zinaenda zinaliita hilo jina kila mahali kwa sababu zenyewe ndo zinalazimika kuutafuta mtandao uliofichwa. Yaani umepunguza usalama wa wafanyakazi wako ili ujisikie salama.

Niliwahi kuingia ofisi moja nikakuta daftari la kaunta limejaa MAC zilizoandikwa kwa peni, zimekatwa, zimeandikwa tena juu, na dada wa mapokezi ndo kapewa kazi ya kulisimamia. Paswedi yenyewe ya waifai ilikuwa imebandikwa kwenye printa. Na walioacha kazi bado walikuwa wanaijua, maana kuibadilisha kunataka ushike kila kifaa cha ofisi na hakuna aliyekuwa na muda huo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni simu ikiingia inafika wapi, na mtu akiondoka unamtoaje peke yake. La kwanza unalimaliza kwa kutenganisha mitandao: simu binafsi na wageni kwenye VLAN yao (mtandao uliotengwa juu ya vifaa vilevile), wapate intaneti tu, wasione seva wala printa wala kompyuta za uhasibu, uwashe na kile kizuizi cha vifaa kuonana vyenyewe kwa vyenyewe, na uweke kikomo cha spidi kwa kila kifaa. Muda ambao kifaa kinashikilia adresi ya IP, ile namba kinayopewa na mtandao kikijiunga, upunguze uwe saa chache, maana mtandao wa kawaida wa ofisi una nafasi 254 tu na simu inayobadilisha MAC inakula nafasi mpya kila mara.

La pili, la kumtoa mtu peke yake, ni 802.1X kwa vifaa vya kazi, yaani WPA2 au WPA3 ile ya mashirika, kila mtu na akaunti yake, nyuma kuna seva ya RADIUS inayohakiki hizo akaunti (FreeRADIUS ni ya bure). Mtu akiacha kazi unafunga akaunti moja, basi. Ila hapa napo kuna mafundi wa mkato, wanawaambia watumiaji kwenye sehemu ya cheti, kinachothibitisha kwamba seva ni ya ofisi kweli, wachague "usihakiki". Jamani! Ukifanya hivyo yeyote akiwasha akses pointi (kifaa kinachorusha waifai) yenye jina kama lenu, simu zinampelekea taarifa za kuingilia zenyewe. Kuanzia Android 11 hilo chaguo limeanza kuondolewa, na bado kuna watu wanatafuta njia ya kulirudisha.

Sasa hiyo programu ya kufukuza. Nyingi zinatuma ujumbe wa uongo wa kukata simu mtandaoni, na hewani hakuna ukuta wa ofisi, unaweza kuwakata na majirani. Mwaka 2014 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliwatoza hoteli za Marriott dola 600,000 kwa kuzuia hotspot za wageni kwa mbinu za namna hii. Na wengine watakuja na programu ya kusimamia simu za wafanyakazi, wakishaiweka wanapewa uwezo wa kufuta simu nzima, picha za watoto wa mtu zikiwemo. Kama lazima barua pepe ya kazi iwe kwenye simu binafsi, tumia ile profaili ya kazi ya Android inayotenganisha, na kwa iPhone usajili wa simu binafsi, ufute cha kazi tu. Mtu asaini akiwa anajua unaona nini na huoni nini. Bosi yeyote anayetaka zaidi ya hapo amnunulie simu.

Anza na printa, nyingi za zamani hazijui 802.1X, ziwekee VLAN yao kwanza. Simu ya mkuu wa fedha iingie ule mtandao wa simu binafsi kama za wenzake, na hiyo orodha ifute.