Pointi zake azihesabu mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema kocha wa tenisi wa mjukuu wangu amekuita pembeni, akakwambia mtoto yuko tayari kuanza mashindano, na sasa wewe unataka kujua kwangu kama miaka 9 si mapema mno. Umri nitaugusa, usijali. Lakini swali linalonikaa mimi rohoni ni jingine: je, anahesabu pointi zake mwenyewe?

Najua hapo umeshasema, "Mama ameanza." Acha nianze.

Unakumbuka mashindano ya watoto yalivyo. Hakuna mwamuzi aliyekaa kwenye kiti kirefu. Kuna refa mmoja anayezunguka viwanja kadhaa, na mara nyingi ukimhitaji yuko uwanja wa mwisho kule. Watoto ndio wachezaji, na watoto hao hao ndio waamuzi. Mpira ukidondoka upande wako, wewe ndiye wa kusema "nje", useme papo hapo na usikike. Kama hukuona vizuri, basi mpira ni mzuri na pointi ni ya mwenzako. Anayeanzisha mpira hutangaza matokeo kabla ya kila pointi, kwa sauti itakayofika ng'ambo ya wavu. Haya yote anafanya mtoto ambaye nyumbani bado anakumbushwa kuvaa viatu mguu unaostahili. Kwenye michezo mingine mtoto wa umri huo ana mtu mzima mwenye filimbi. Kwenye tenisi hana mtu.

Kuna siku naona huo ni ukatili, nakwambia kweli. Halafu nakumbuka sauti yako, nabadili mawazo. Nitafika hapo.

La umri kwanza, tulimalize. Wewe ulianza na mpira wa njano ule ule wanaopiga watu wazima, kwenye uwanja ule ule wenye urefu wa mita 23.77, na mpira ulikuwa ukidunda unakupita juu ya utosi. Ulikuwa unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa uzio. Siku hizi mambo yamenyooka. Tangu mwaka 2012 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi haziruhusu mpira wa kawaida wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Kuna mpira mwekundu kwa wadogo kabisa, unakwenda polepole sana. Kisha wa rangi ya chungwa, ambao kasi yake ni kama nusu ya ule wa kawaida, na uwanja wake ni wa mita 18 hivi. Kisha wa kijani, ambao umebakiza kidogo tu kufikia ule wa njano. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 hatupwi kwa wakubwa, anacheza na mpira unaomfika kifuani na uwanja anaoweza kuukimbia. Sina wasiwasi na miaka yake. Hata mpigo wake wa mkono wa nyuma sina wasiwasi nao, nimeuona kwenye video uliyotuma, anageuza bega vizuri kuliko wewe ulivyokuwa ukigeuza.

Wasiwasi wangu uko kwenye kuhesabu. Na wewe unajua kwa nini, hata kama hatujaizungumza mechi ile miaka mingi.

Ulikuwa na miaka 11. Seti ya kwanza ulishaichukua, ya pili ulikuwa mbele kwa gemu 4–3, na zamu ya kuanzisha ilikuwa yako. Pointi ya kwanza ya gemu ile naiona mpaka leo: mkiwa mnapigiana, mpira wako uligonga ule utepe mweupe wa juu ya wavu, ukapanda kidogo, ukatulia pale juu kama unafikiria, kisha ukadondokea upande wa yule binti. Hata hakuukimbilia. Aliuokota, akakurushia. Kisha mkapokezana pointi, yeye mbili, wewe mbili nyingine. Tatu zako kwa mbili zake, na kwa hesabu ya tenisi pointi moja ni kumi na tano, mbili ni thelathini, tatu ni arobaini, za anayeanzisha zikitajwa kwanza. Ukasogea kwenye mstari kuanzisha, ukasema arobaini thelathini, tena ulisema chini chini, kama ulivyokuwa umefanya tangu gemu ilipoanza. Yule binti akainua raketi. "Hapana. Thelathini arobaini."

Refa akaitwa, akaja, na alikuwa mtu mpole kweli. Akawaambia mrudie pointi moja moja tangu mwanzo. Nne mkakubaliana, mbili zako, mbili zake. Ile ya kwanza, ya mpira uliogonga utepe, yeye akasema ni yake. Wewe ukaanza kueleza, ukasita, ukaangalia chini, kisha ukaniangalia mimi.

Mwanangu, daftari lilikuwa mapajani mwangu. Kila pointi nilikuwa nimeiandika, na ile ya kwanza nilikuwa nimeizungushia duara kwa sababu ya utepe. Mzazi hana neno kwenye ubishi wa matokeo, haulizwi wala hajitokezi. Nilijikaza kisabuni. Refa akafanya kama kanuni inavyosema: mliyokubaliana yabaki, mliyobishania yafutwe, mrudi 30–30. Hakukosea. Hakuwepo, hakuona, na sheria ile ni ya haki kwa mtu ambaye hakuona. Lakini mimi niliona.

Pointi mbili zilizofuata zilikwenda kwake, gemu ikaenda, seti ikaenda 6–4, na ya tatu hata sitaki kuisema. Mechi ilipokwisha baba yake yule binti akapita nyuma ya viti vyetu akamwambia mwenzake, kwa makusudi nisikie, "Watoto wengine wafundishwe kwanza kuhesabu." Maneno yale bado ninayo. Nikikaa peke yangu nayajibu, na kila mara nina jibu zuri zaidi.

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda, kwa sababu hujawahi kuisikia kwangu. Mashindano yaliyofuata ulipangiwa binti mrefu kuliko wewe, aliyekuzidi karibu kila kitu. Hakuna aliyekuwa amekusemesha kuhusu matokeo, si mimi, si baba yako, si kocha. Ukasimama mstarini, ukadundisha mpira, ukapaza sauti: "Sifuri kwa sifuri!" Nikashtuka. Pointi ya pili, "Kumi na tano sifuri!" Ukaendelea hivyo mpaka watoto wa uwanja wa jirani wakasimama kukutazama, na refa akaja akikimbia akidhani mnagombana. Ulifungwa 6–2, 6–1, na sijawahi kuifurahia mechi yako nyingine kama ile. Hata mechi uliyobeba kombe haiifikii.

Kwa hiyo ndiyo maana nasema ahesabu mwenyewe. Mtoto anayejua yuko 30–15 na anaweza kulisema mbele ya mwenzake anayembishia, huyo mwingize hata leo. Mtoto anayepiga mipira kama bingwa lakini kila pointi ikiisha anageuka kukuangalia wewe usoni, huyo bado.

Najua utanijibu kwamba hilo ndilo hasa mashindano yanalofundisha, na kwamba hakuna anayejifunza kuhesabu mechi asizocheza. Ni kweli. Wewe mwenyewe ulijifunza siku ile, na kama ungesubiri mpaka uwe tayari usingejifunza. Hapo hoja yangu inanirudia, na sina haraka ya kuiokoa. Lakini kaka yako naye alikuwa wetu. Kocha wake alimpandisha akacheze na waliomzidi miaka 2, kila wiki mechi moja, kila wiki kafungwa raundi ya kwanza, na unajua raketi zake ziliishia wapi. Hakushindwa na mchezo. Alichoka kwenda mbali kucheza mara moja tu na kurudi.

Watu watakutajia majina, kila mmoja atavutia kwake. Atakayesema usubiri atakwambia Richard Williams aliwatoa binti zake Venus na Serena kwenye mashindano ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakabaki mazoezini tu, na bado Serena akachukua mashindano makubwa ya US Open kule Marekani mwaka 1999 na Venus akachukua yale ya Wimbledon kule Uingereza mwaka 2000. Atakumbusha pia kwamba Jennifer Capriati aliingia tenisi ya kulipwa mwaka 1990 hajatimiza miaka 14, na yaliyompata ujanani yakawafanya wenye mchezo wabane sheria za umri. Atakayesema usisubiri atakwambia Roger Federer alikuwa bingwa wa vijana Wimbledon mwaka 1998, au atakutajia Angella Okutoyi wa Kenya, aliyechukua taji la wasichana wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Huyo Okutoyi nampenda kwa sababu zangu: amelelewa na bibi yake. Ila hakuna hata mmoja kati yao anayekuambia lolote kuhusu mtoto wako. Hata mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi yanaanzia miaka 13. Wa kwako ana miaka minne ya kujifunza kusema "nje" bila kutetemeka.

Mkiamua kuanza, chagua mashindano ya makundi, yale ambayo kila mtoto anacheza na wenzake wote wa kundi lake, ili hata akifungwa ya kwanza awe na mbili au tatu nyingine siku hiyo hiyo. Usianze na yale ya mtoano. Kwenye mtoano wa watoto 32, kumi na sita wanarudi nyumbani baada ya mechi moja, na ndiko tulikompoteza kaka yako. Ulizia pia kama wanacheza seti fupi za gemu nne. Wengi hufanya hivyo kwa watoto, na seti ya tatu huwa ni mbio za kufikia pointi 10 tu. Raketi ya akiba, maji, kofia, mfike mapema apashe mwili. Hayo unayajua.

Ukiwa nje ya uzio, mikono yako iwe na kazi. Mimi nilikuwa na daftari, na lilinisaidia nisiwe naashiria. Mtoto anasoma uso wako toka mbali kuliko unavyofikiri. Ukishika kichwa ameona, ukifumba macho ameona. Pigeni makofi mpira mzuri wa upande wowote. Siku hizi sheria imelegea, tangu mwaka 2025 kanuni za tenisi zinaruhusu maelekezo kutoka nje ya uwanja pale waandaaji wanapokubali, kwa hiyo utasikia wazazi wakipaza sauti kila mpira ukisimama. Sheria imelegea, mimi sijalegea. Ahesabu mwenyewe, afikiri mwenyewe, na akibishiwa amwite refa mwenyewe. Mwambie tu kwamba kumwita refa si kusema uongo wala si kusengenya, maana wewe ulidhani hivyo muda mrefu.

Na mkiwa njiani kurudi, usiianze wewe habari ya mechi. Hili baba yako ndiye mwenye hakimiliki, alikuwa anaendesha na kukuacha uangalie dirishani mpaka uzungumze mwenyewe. Mara nyingine hukuzungumza hata neno. Mimi nilikuwa nakaribia kupasuka na daftari langu, yeye ananitazama kwenye kioo. Alikuwa sahihi, na usimwonyeshe mstari huu.

Baba yake mtoto anasemaje? Hukuandika. Yule kwa ninavyomjua atataka mtoto ashinde, si vibaya, mtu acheze kushinda. Lakini mkubaliane nyinyi wawili kabla ya siku hiyo nani atakaa wapi na nani atanyamaza, kwa sababu mtoto hawezi kusoma nyuso mbili.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Nimeandika mpaka mkono unauma na bado najizuia. Jina la mtoto mtaliandika nyinyi wazazi wake, mimi ni bibi, nafasi yangu ni ya kuangalia na kushangilia. Ingawa kama usajili unafungwa wiki hii, na kama hayo mashindano ni ya makundi na ya mpira wa rangi ya chungwa... Hapana. Nimesema sitasema.

Baba yako anasalimia. Anauliza mtoto anatumia raketi ya inchi ngapi, maana amepata moja ya inchi 25 iliyokuwa yako, nyuzi zimekufa lakini fremu ni nzima. Mpime: ashike mpini, mkono ulegee ubavuni, ncha ya raketi iguse ardhi kidogo tu. Kama inamfaa tuitie nyuzi mpya, kama imemzidi tuiweke mpaka mwakani.

Mama yako