Amplifaya ya valvu: fundi wa Moshi ajibu wasomaji

Tangu nieleze habari za amplifaya ya gitaa niliyoitengeneza kwa mkono hapa Moshi, ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), kwa kufuata michoro ya Kiingereza ya zamani, maswali hayajakatika. Haya ni baadhi.

Shikamoo fundi. Kwa nini uhangaike na valvu wakati za transista ni nyepesi na bei chee? (Sakina, Arusha)

Marahaba. Ni kwa sababu ya mkono wa mpigaji. Nimeiga amplifaya ya Kiingereza, Vox AC15, aliyoibuni Dick Denney mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kampuni ya Jennings, mjini Dartford. Mbele nimeweka valvu ndogo ya ECC83 inayopokea sauti ya gitaa, nyuma jozi ya valvu za EL84 zinazosukuma spika. Ukigusa nyuzi za gitaa taratibu inaitika safi. Ukikaza mkono inakwaruza kidogo kidogo, kama koo la mwimbaji anayepanda juu. Transista nyingi zikizidiwa hukwaruza ghafla na kwa ukali. Lisikilize gitaa la solo la dansi kwenye valvu, zile noti za juu kabisa ya shingo, utanielewa.

Wati 15 zitatosha kwaya yetu? Waumini ni kama 300. (Majengo, Moshi)

Zinatosha, ila usihesabu wati peke yake. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara 10. Kutoka 15 hadi 30 unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ndogo. Ndiyo maana spika ina uzito kuliko watu wanavyodhani: inayotoa desibeli 100 kwa wati 1, ikisukumwa na wati 15, inalingana na inayotoa desibeli 97 kwa wati 1 lakini inasukumwa na wati 30. Tumia fedha zako kwenye spika. Waumini wakijaa, weka maikrofoni mbele ya spika na upeleke sauti kwenye mikisa.

Nimeletewa amplifaya kutoka Marekani. Niichomeke tu? (Kijenge)

Hapana, dada! Ile ni ya volti 120, ukutani kwetu ni 230. Kama mgongoni haina swichi ya kubadili volti, tafuta transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapo.

Jioni umeme ukishuka, sauti inanywea. Valvu zimechoka? (Rau)

Huenda ni nzima kabisa. Nyuzi za ndani za valvu hizi zinahitaji volti 6.3 ili ziwake vizuri. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190, zinabaki na 5.2 hivi. Pima ukutani kwanza, kisha nunua stabilaiza. Ukibadilisha valvu bila kupima utakuwa umetupa fedha.

Nataka kutengeneza ya kwangu. Nianzie wapi? (Unga Limited)

Anza kwa kuziheshimu kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme hata ukizima. Siku moja nilichomoa waya ukutani, nikaingiza mkono ndani kukaza kiungo kilicholegea. Kapasita ilikuwa bado imeshika volti zaidi ya 300. Bisibisi iliruka hadi mlangoni, na mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Ingepita kifuani nisingekuwa naandika hapa. Sasa nina rezista ya omu 10,000, wati 5, niliyoifunga kwenye waya zenye mpira mzito. Naishikiza kati ya kapasita na bodi ya chuma ya amplifaya kwa nusu dakika, kisha napima kwa mita. Mkono wa pili nauweka mfukoni, umeme usije ukapita kifuani. Kama hujawahi kutumia mita, kaa kwanza na fundi redio mzee miezi kadhaa. Wao wamezizoea volti hizi tangu redio za valvu.

Siku ya kuiwasha, hakikisha spika imefungwa. Bila spika nguvu haina pa kwenda, na transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua palepale. Unganisha pia balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya, mfululizo na njia ya umeme, yaani umeme upite ndani yake kabla ya kufika kwenye amplifaya. Iking'aa sana na kubaki hivyo, kuna shoti: zima. Ikimeta kisha ikafifia, subiri valvu zipate moto, uguse nyuzi za gitaa.