Masters of Rome: usikitupe kitabu kwa sababu ya akina Julia

Mkuu, unasema umeanza The First Man in Rome, cha kwanza katika riwaya za Masters of Rome za Colleen McCullough kuhusu Roma ya kale, umefika ukurasa wa 60 ukakiweka chini kwa sababu akina Gaius wamejaa na kila mwanamke ni Julia. Pole. Mimi nilikiacha mara mbili kabla ya kukimaliza.

Majina yale yana utaratibu. Mwanamume wa Kirumi alikuwa na jina lake mwenyewe, na yaliyotumika sana ni machache, ndiyo maana akina Gaius, Lucius na Marcus hawaishi. Kisha jina la ukoo, kisha la tawi: Gaius, wa akina Julius, tawi la Caesar. Binti hubeba la ukoo tu. Mzee Julius akipata mabinti wawili, wote ni Julia, basi mdogo mwandishi kamwita Julilla ili tusipotee. Nilichukua daftari la mwanangu nikachora koo zote kurasa mbili. Hapo mambo yakafunguka.

Na lile swali lako ndilo linalogombanisha wasomaji miaka yote: McCullough ameandika historia, au anampigia debe Caesar?

Anampigia debe, tusidanganyane. Tangu Caesar awe kijana kwenye kitabu cha tatu, hakosei. Cato, seneta aliyempinga Caesar, ni mlevi mkaidi (hilo la ulevi hata Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kalisema). Cicero, mwanasiasa na msemaji hodari wa Roma, kafanywa mwoga, na hapo mama McCullough kamwonea. Mwoga gani anamshambulia Antonius, mshirika wa Caesar, kwa hotuba baada ya hotuba, mpaka anakatwa kichwa na mikono mwaka 43 KK?

Ila kwa Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, nilikula maneno yangu. Sisi tuliosoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, tulimjua Brutus kama muungwana. Huku namkuta kijana mwenye chunusi, anamwogopa mama yake Servilia, anakopesha pesa kwa riba kama wale jamaa wanaoshikilia kadi za benki za walimu. Nikakasirika. Nikaenda kusoma barua za Cicero, maana zipo bure mtandaoni, nimkamate mwandishi kwa uongo.

Kumbe! Brutus aliwakopesha watu wa Salamis, kisiwani Kipro (ndiyo, Salami ileile waliyohubiri Paulo na Barnaba baadaye), kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Cicero alipokuja kuwa gavana alikuta kashfa hiyo, na yeye alikuwa ametangaza kwamba mwisho ni asilimia 12. Wakala wa deni, Scaptius, alikuwa amepewa askari wa farasi na gavana aliyetangulia, akawazingira madiwani wa mji ndani ya ukumbi wao mpaka watano wakafa njaa. Chunusi sikuziona kwenye barua. Riba ipo.

Tangu siku hiyo nikikutana na jambo linaloniudhi humo, naangalia kwanza kabla ya kulalamika.

Vitabu ni saba, 1990 hadi 2007. Cha mwisho, Antony and Cleopatra, kwangu ni chepesi. Kilichonikosesha usingizi ni cha pili, The Grass Crown, jenerali Marius alipozeeka, kiharusi kimempiga, lakini bado anautaka ukonsuli, cheo cha juu cha Roma, kwa mara ya saba kwa gharama yoyote. Rudi ukurasa wa 60 na daftari. Ukifika hapo kwa Marius, niite tubishane kuhusu Sulla, mpinzani wake.