Kabla ya kusoma majibu ya damu, uliza umri wa farasi

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya karatasi ya maabara. Fosforasi ina alama nyekundu, kimeng'enya cha mifupa nacho chekundu, na chini yake ameandika: "Kaka, farasi wangu anakufa? Nimpe dawa gani?" Nikamuuliza swali moja tu: ana umri gani? Miezi 5. Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kile kicheko, maana karatasi kama ile niliwahi kuishika mimi mwenyewe. Yangu haikuwa na alama nyekundu hata moja, na hilo ndilo lililoniponza.

Kwanza nimtoe wasiwasi. Mtoto wa farasi yuko kwenye ujenzi wa mifupa, kwa hiyo fosforasi ya damu yake huwa juu kuliko ya farasi mzima, na kile kimeng'enya kinachoandikwa ALP hupanda pia. Maabara ilimlinganisha na wakubwa. Ni sawa na kumvisha mtoto shati la babake, kisha useme amekonda.

Sasa yangu. Miaka 10 na ushei iliyopita nilikuwa na farasi watatu: Lulu, jike aliyekuwa ananyonyesha, mwanawe Kimbunga, na Babu, dume aliyehasiwa zamani, wakati huo ana miaka 16. Ndoto yangu ilikuwa kama yako wewe unayesoma hapa: kuzalisha farasi wa kuruka vizuizi, nisimame pembeni ya uwanja nisikie watu wakiulizana huyu ni wa nani. Mkufunzi mmoja niliyemheshimu mno (simtaji, anajijua) akanishauri niwape pumba za ngano asubuhi na jioni, kopo moja moja kwa kila farasi. Wanazipenda, wananenepa, ngozi inang'aa. Saisi wangu, yaani mtunza farasi, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, aliniuliza mara moja tu: "Bosi, na mtoto naye kopo zima?" Nikamjibu chakula ni chakula. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Kimbunga alipofika miezi 8, miguu yake ya mbele ilivimba juu ya vifundo. Lulu akaanza kutembea kama anayekanyaga misumari, leo mguu huu, kesho ule. Uso wake ukafura pande zote mbili za pua, pole pole kiasi kwamba sisi tuliomwona kila siku hatukuona kitu. Mgeni ndiye aliyeuliza, "Mbona huyu ana uso wa kiboko?"

Daktari wa kwanza alichukua damu ya Lulu. Kalsiamu: ya kawaida. Nikashusha pumzi. Miezi miwili nilitembea na karatasi ile mfukoni, kila anayeuliza namwonyesha, huku yule mnyama anazidi kuchechemea.

Daktari wa pili hakutaka hata kuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachota pumba, akaomba mzani. Kilo moja ya pumba za ngano ina kama gramu 12 za fosforasi na gramu 1 hivi ya kalsiamu. Farasi anatakiwa apate kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, moja na nusu hadi mbili kwa moja, na isishuke kamwe chini ya sawa kwa sawa. Mimi nilikuwa nimepindua kila kitu. Fosforasi ikizidi hivyo, kalsiamu ya damu hutaka kushuka, tezi ndogo za shingoni humwaga homoni, na homoni hiyo huenda kubomoa mfupa ili damu isipungukiwe. Pale mfupa ulipong'olewa, mwili hujaza nyuzi laini, ndipo uso unafura. Ulaya ya zamani walikuwa na jina la ugonjwa huu lililotokana na wenye vinu vya kusaga ngano, kwa sababu farasi wao ndio walioshibishwa pumba.

Kwa hiyo karatasi yangu haikusema uongo. Ilinipa habari za mkopaji, yaani damu. Aliyekopwa, yaani mfupa, hakuna aliyemuuliza.

Na Babu je? Hakuna kitu. Alinenepa, akang'aa, akawa ndiye shahidi wangu kwamba pumba hazina neno. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Farasi mzima wa kilo 500 asiye na kazi nzito anahitaji kama gramu 20 za kalsiamu kwa siku. Mtoto wa miezi 6 atakayekuja kufikia uzito huo, ambaye sasa hajafika hata nusu yake, anahitaji karibu 39. Jike katika mwezi wa kwanza wa kunyonyesha anahitaji karibu 59. Mimi nikawapa wote kopo moja!

Niliondoa pumba, nikaleta lusini (majani ya malisho yenye kalsiamu nyingi) na unga wa chokaa ya mifugo. Lulu aliacha kuchechemea baada ya miezi kadhaa, ila uso haukurudi ulivyokuwa. Kimbunga bado ninaye. Ni mpole, watoto wanampenda, na hajawahi kuruka hata gogo. Mkufunzi yule yule alinisema mbele za watu kwamba sina mkono wa farasi. Sawa.

Ndiyo maana nasema, wenzangu, pangeni lishe kwa umri. Mtoto kivyake, mama kivyake, mzee kivyake. Na hili la mtoto lianze kabla hajazaliwa. Maziwa ya farasi yana shaba kidogo sana, na ukimwongezea mama shaba wakati ananyonyesha, haiongezeki kwenye maziwa. Mtoto huzaliwa na akiba yake ndani ya ini, aliyoichota tumboni kwa mama katika miezi ya mwisho ya mimba. Ukichelewa hapo, umechelewa. Binti wa mwisho wa Lulu nilimwandalia hivyo, madini ya mama yamepimwa tangu mwezi wa 9 wa mimba, akanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, saa za mwanzo kabisa (vitamini E nyingi huipata humo, tumboni hupata kidogo), na leo ana miaka 4 na miguu iliyonyooka kama mshale. Picha zake mmeziona, na mtaziona tena, mnivumilie.

Msikimbilie chuma. Kila mtu anataka "kuongeza damu", ilhali farasi anayekula nyasi mara chache sana hupungukiwa chuma, na watoto wachanga wa farasi wamewahi kufa kwa kuharibika ini baada ya kunyweshwa dawa yenye chuma. Seleniamu, madini yanayohitajika kidogo mno, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama miligramu 1 tu kwa siku. Mwaka 2009 huko Florida farasi 21 wa polo walikufa kwa dozi ya seleniamu iliyokosewa. Mimi nami siku moja nilisoma lebo za makopo matatu ya virutubisho niliyokuwa nachanganya kwa furaha, nikakuta yote matatu yana seleniamu. Nilikaa chini.

Halafu Babu akazeeka. Alipofika miaka 25 nikafanya kosa lile lile kwa upande wa pili: nikakumbuka watu wakizeeka mifupa hulegea, nikamjaza lusini na chokaa. Farasi hufyonza kalsiamu nyingi hata asiyoihitaji, kisha figo huitoa, ndiyo maana mkojo wake una ukungu kama maji ya chaki. Figo za mzee zikichoka, kalsiamu hubaki damuni. Safari hii alama nyekundu ilikuwa ya kweli. Tukapunguza. Alichopungukiwa kilikuwa vitamini E, kwa sababu meno yalikwisha, malishoni haendi tena, anaishi kwa nyasi kavu zilizolowekwa, na vitamini hiyo hupotea nyasi zikikaushwa na kuwekwa muda mrefu. Vitamini C farasi hujitengenezea mwenyewe kwenye ini, msipoteze hela.

Jambo dogo kuhusu maabara: kizibo cha mpira cha chupa ya damu kinaweza kuipandisha zinki kwenye majibu, na mwanga huharibu vitamini E iliyomo. Mwambieni anayechukua damu kabla hajachoma sindano. Atakasirika. Mwambieni tu.

Yule msomaji nilimwandikia karibu haya yote. Akajibu, "Asante kaka, lakini dawa gani?" Nimemwomba anipigie picha ya ndoo. Bado naisubiri.